Sukuma wiki Februari, nyanya Aprili

Kanuni za ujenzi za jimbo la Minnesota, kaskazini mwa Marekani, zinataka msingi wa nyumba ushuke sentimita 107 chini ya ardhi upande wa kusini wa jimbo, na sentimita 152 upande wa kaskazini. Sababu ni barafu. Kila majira ya baridi maji yaliyomo ardhini huganda, udongo hutanuka na kuinuka, na nyumba yenye msingi mfupi huinuliwa nao hadi kuta zikapasuka. Mjini Minneapolis, usiku wa kawaida wa Januari hufika nyuzi 13 za Selsiasi chini ya sifuri. Tarehe 30 Januari 2019 kipimo kilishuka hadi nyuzi 33 chini ya sifuri.

Katika majira hayohayo wapo watu wanaochukua mbegu za sukuma wiki, spinachi na letasi, wakaziatika kwenye madumu ya plastiki yaliyokuwa na maziwa, kisha wakayapanga madumu nje, juu ya theluji. Hawayafuniki kitu. Hawayaingizi ndani usiku. Theluji huyafukia, barafu huyashika, na wenyewe huendelea na shughuli zao. Ikifika Aprili, humo ndani mna miche.

Mtu aliyekulia Morogoro au Kakamega akisimuliwa haya ataona mbegu zinaharibiwa makusudi. Lakini Minnesota ina jamii kubwa ya watu waliotoka Afrika Mashariki. Wasomali ndio wengi, na wapo pia Wakenya, Watanzania na Wakongo, kiasi kwamba katika vitongoji kama Brooklyn Park Kiswahili si lugha ngeni sokoni wala kanisani. Wengi wao wanalima vipande vya bustani za jumuiya, au vijisehemu vya ardhi nyuma ya nyumba, na wanaitaka sukuma wiki yao. Wakisikia habari za madumu kwenye theluji, swali linalofuata ni moja: niatike tarehe ngapi?

Swali hilo linastahili jibu la kina, kwa sababu wanaopoteza mbegu kwa mbinu hii mara nyingi hawaponzwi na baridi yenyewe. Wanaponzwa na tarehe waliyoazima kwa mtu mwingine, kwa zao jingine, katika mji mwingine. Kinachotakiwa kujulikana kwanza ni siku ambayo mbegu itaamka. Siku ya kuiatika hutokana na hiyo.

Mbegu kavu haina shida na baridi. Kiumbe kinachouawa na kuganda huuawa na maji yake mwenyewe: maji yaliyo ndani ya seli yanageuka fuwele za barafu, na fuwele hizo huchana utando wa seli. Mbegu iliyokaushwa vizuri imebakiza maji kidogo mno, hivyo hakuna cha kuganda. Ndiyo maana ghala la mbegu la dunia lililofunguliwa mwaka 2008 huko Svalbard, visiwa vya Norwe vilivyo karibu na Ncha ya Kaskazini, huhifadhi mbegu katika nyuzi 18 chini ya sifuri, na kwa joto hilo zinaweza kukaa miaka mingi zikiwa hai.

Mbegu iliyolowa ni habari nyingine, na hapa mboga zinagawanyika. Mbegu ya sukuma wiki au spinachi ikinywa maji kisha ikagandishwa kabla haijachipua, kwa kawaida husubiri. Maharage na bamia zikikaa kwenye udongo wa baridi uliolowa huoza. Hata zile zinazosubiri zina saa moja ya hatari: pale ganda linapopasuka na mzizi mweupe, mwembamba kama uzi, unapotokeza. Tangu hapo haiwezekani kurudi kulala. Kama baridi ya nyuzi 15 chini ya sifuri itarudi wiki hiyo, mche umekwisha.

Kwa hiyo kila mboga ina joto lake la kuamkia, na joto hilo limepimwa. James Harrington, aliyekuwa mtaalamu wa mbegu katika Chuo Kikuu cha California mjini Davis, aliacha jedwali ambalo watu wa bustani wanalitumia mpaka leo. Spinachi huota hata udongo ukiwa kwenye sifuri kamili, ila huchukua siku 63. Kwenye nyuzi 5 huchukua siku 23, kwenye nyuzi 10 siku 12, na kwenye nyuzi 20 siku 6 tu. Letasi inakwenda karibu vilevile: siku 49 kwenye sifuri, 15 kwenye nyuzi 5, na 7 kwenye nyuzi 10. Nyanya haioti kabisa kwenye nyuzi 5. Kwenye nyuzi 10 huchukua siku 43, na kwenye nyuzi 15 siku 14. Bamia haisogei mpaka udongo uvuke nyuzi 10, na hata kwenye nyuzi 15 inataka siku 27.

Ukizisoma tarakimu hizo vizuri utaona mambo mawili. La kwanza linafariji: spinachi inayoweza kuamka udongo ukiwa karibu na kuganda ndiyo hiyohiyo ambayo mche wake huvumilia usiku wenye nyuzi kadhaa chini ya sifuri. Sukuma wiki ni hivyo hivyo, na kabichi, na kitunguu. Zikiamka mapema kidogo hazifi. La pili ni onyo. Nyanya huamka mchana wa Aprili wenye jua, pale hewa ndani ya dumu inapopanda hadi nyuzi 20 na zaidi, ilhali usiku wa Aprili bado unaganda na mche wa nyanya hauvumilii hata usiku mmoja wa jalidi, ile barafu nyembamba inayolala juu ya majani alfajiri na ambayo wakulima wa Limuru na Njombe wanaijua kwa hasara zake. Kati ya joto linaloiamsha nyanya na baridi inayoiua pana wiki kadhaa za mtego. Tarehe ya kuatika nyanya lazima iuruke mtego huo.

Mkulima wa Dodoma au Kitui anaufahamu mtego wa namna hiyo. Anapanda kwenye udongo mkavu kabla ya mvua, ili matone ya kwanza yaikute mbegu tayari. Hofu yake haiko kwenye ukame wa Oktoba, maana mbegu kwenye vumbi imelala salama. Anachoogopa ni mvua ya kudanganya, ile inayonyesha siku mbili, ikaotesha mahindi, kisha ikapotea wiki tatu. Minnesota nako kuna machipuko ya kudanganya. Machi 2012 ilikuwa ya joto kuliko Machi zote zilizowahi kurekodiwa mjini Minneapolis. Tarehe 17 ya mwezi huo kipimo kilifika takriban nyuzi 27. Joto hilo lilienea eneo lote la Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini, miti ya matunda ikachanua kabla ya wakati, Aprili ikaja na baridi yake ya kawaida, na jimbo la Michigan likapoteza takriban asilimia 90 ya cheri zake chachu. Halafu kuna majira ya baridi ya 2023 hadi 2024, ambayo Minnesota yote haikuwahi kurekodi yenye joto kama hayo, na theluji ilikuwa haba hadi mwishoni mwa Machi ikaja kwa kishindo. Miaka ya namna hiyo ndiyo inayofanya tarehe ya kukariri iwe ya hatari.

Sasa dumu lenyewe. Ni lile la galoni moja ya Marekani, lita 3.8, la plastiki nyeupe inayopitisha mwanga. Linatobolewa matundu kadhaa kitakoni ili maji yatoke. Kisha linakatwa kuzunguka kiuno, chini kidogo ya mpini, na kuachwa kipande kisichokatwa upande mmoja ili sehemu ya juu ifunguke na kufungwa kama mlango. Ndani unaingia udongo wa kuoteshea, mwepesi, uliokwisha kuloweshwa, kina cha sentimita 8 hadi 10. Udongo ukiwa na kina kidogo hukauka mapema Aprili, wakati ambao ndio mizizi inauhitaji. Mbegu husiwa juu na kufunikwa kidogo. Letasi haifunikwi, inabonyezwa tu, kwa sababu mbegu zake nyingi huota vizuri zikiona mwanga. Mkanda mpana wa gundi unazungushwa kwenye mkato. Kizibo hutupwa, na hili watu wengi hulisahau: theluji na mvua lazima ziingie kwa mdomo ule, na joto la mchana lipate pa kutokea. Jina la mboga liandikwe kwa penseli kwenye kibao na kutumbukizwa ndani, maana wino wa kawaida unafutwa na jua kabla ya Aprili, na miche ya sukuma wiki, kabichi na brokoli ikiwa midogo haitofautishiki.

Mbinu hii ilienezwa Marekani na Trudi Davidoff wa Long Island, New York, na imeshika kwa sababu haidai taa, wala chumba, wala umeme. Anayeishi ghorofani hupanga madumu yake kwenye roshani. Kama roshani ina paa, theluji haitaingia dumuni, kwa hiyo amwagie maji mwenyewe au awe anateka theluji kwa kikombe na kuijaza. Bustani nyingi za jumuiya hazifunguliwi mpaka machipuko yakolee, na mwenye madumu anafika siku hiyo akiwa na miche mkononi.

Mahali pa kuyaweka pana uzito sawa na tarehe. Ukuta unaotazama kusini ni mahali pabaya, ingawa ndipo kila mtu anapokimbilia kwa kudhani anaisaidia mbegu. Jua la Februari linapiga ukuta huo, ukuta unarudisha joto, na ndani ya dumu kunakuwa kama Mei kwa saa tatu. Mchana wa namna hiyo ukifuatana siku nyingi, letasi inaamka, nayo theluji ya Machi bado haijaanguka. Upande wa mashariki unafaa zaidi, au kaskazini mwa nyumba mpaka Machi iishe. Theluji nene juu ya madumu ni ya kushukuru, maana huzuia baridi kali isipenye na huzuia joto la mchana lisiamshe kitu. Usiipangusie pembeni.

Kuhusu tarehe, nitasema ninavyoona, nikiizungumzia Minneapolis na miji inayofanana nayo, ambako jalidi ya mwisho kwa kawaida huanguka kati ya mwisho wa Aprili na katikati ya Mei. Sukuma wiki, spinachi, kabichi, letasi, vitunguu na dania, ziatikwe Februari hadi katikati ya Machi. Wapo wanaoanza mara tu baada ya tarehe 21 Desemba, siku yenye mchana mfupi kuliko zote, na hawakosei kitu, lakini sukuma wiki yao haiwahi kuchomoza kabla ya yangu au yako. Dumu la Januari na dumu la mwanzo wa Machi huota karibu katika wiki ileile, kwa sababu yote mawili yanangoja joto lilelile. Januari inawafaa wale wanaopanda maua ya asili ya nyika, ambayo mengi hayaoti mpaka yapitie wiki nyingi za baridi na unyevu. Mboga zetu hazina sharti hilo.

Kuna sababu nyingine ya kutokimbilia Desemba, nayo ni mwanga. Minneapolis iko karibu nyuzi 45 kaskazini mwa Ikweta, na tarehe 21 Desemba jua hukaa angani kwa muda usiotimia saa tisa. Eliot Coleman, mkulima wa Harborside katika jimbo la Maine ambaye kitabu chake The Winter Harvest Handbook kilitoka mwaka 2009, amefundisha kwa miaka mingi kwamba mchana ukipungua chini ya saa kumi mimea hukaribia kusimama kukua, hata ikikingwa baridi. Huko kwake hali hiyo huanza mwanzoni mwa Novemba na kwisha mwanzoni mwa Februari. Mbegu iliyodanganywa na joto la Desemba ikaota, ingesimama gizani ikiwa na majani mawili, ikingojea baridi iikute.

Nyanya na pilipili, katikati ya Aprili au baadaye kidogo, na zikishaota mwenye nazo awe tayari kutupia shuka kuukuu juu ya madumu kila usiku unaotabiriwa kuganda. Kwa kweli kwa pilipili hoho siishabikii mbinu hii huko Minnesota. Pilipili inachelewa kuota na inataka kiangazi kirefu. Ni afadhali ianzishwe ndani, dirishani, mwezi Machi. Nyanya za kukomaa haraka, hasa zile ndogo za kula kwa mkupuo, zinafaulu, na shina lake linakuwa nene kuliko la mche uliolelewa chini ya taa, kwa kuwa limekua kwenye upepo na jua halisi tangu siku ya kwanza.

Ramani ya maeneo ya baridi inayotolewa na Wizara ya Kilimo ya Marekani, ambayo toleo lake jipya ni la 2023, inatumiwa vibaya sana katika jambo hili. Watu husoma namba ya eneo lao, 4 au 5, wakatafuta tarehe iliyoandikwa kwa namba hiyo. Ramani ile hupima kitu kimoja tu: wastani wa baridi kali kuliko zote ya mwaka. Inamwambia mtu kama mti wa tufaha utavuka Januari. Haisemi Aprili itakuwaje, wala jalidi ya mwisho itaanguka lini. Miji miwili yenye namba moja inaweza kupishana wiki nyingi katika machipuko. Cha kutazama ni tarehe ya jalidi ya mwisho mahali ulipo, na utabiri wa siku kumi zinazokuja.

Dumu si lazima. Warusi wana desturi yao ya kusia karoti, vitunguu na shibiti moja kwa moja ardhini kabla ya majira ya baridi kukaza, na ujuzi wao wote uko kwenye kuchelewa. Matuta na vifereji huandaliwa udongo ukiwa bado laini. Udongo mkavu wa kufunikia huwekwa ndani ya nyumba usigande. Kisha wanangoja hadi ardhi iwe imeganda juu na joto halitarudi, ndipo wanasia mbegu kavu ndani ya kifereji kigumu na kuzifunika kwa ule udongo mkavu. Anayesia wiki mbili mapema, akakutwa na siku za joto za mwisho wa vuli, ameotesha karoti ili zife. Mbegu huongezwa kuliko zile za machipuko, maana nyingine zitaoza. Minnesota wakati wa kufanya hivyo huangukia takriban Novemba, na hali ya hewa haimngoji mtu: dhoruba iliyoanza tarehe 31 Oktoba 1991 iliifukia Minneapolis kwa sentimita 72 za theluji kabla watu hawajamaliza kuokota majani ya vuli. Vitunguu saumu vyenyewe havimo katika hesabu hii. Hivyo hupandwa Oktoba kwa kusudi tofauti, vitoe mizizi kabla ardhi haijaganda, kisha baridi ndefu ivifanye vigawanyike tumba kwa tumba kiangazi kijacho.

Mwisho wa Machi kazi inaanza upya. Asubuhi plastiki huwa na ukungu wa matone kwa ndani. Ukichungulia mdomoni utaona udongo wa juu bado una chembe za barafu, na katikati yake majani mawili ya mwanzo ya sukuma wiki yenye umbo la moyo, yamelegea, rangi yake imeelekea zambarau kwa baridi. Saa sita mchana yamesimama. Wengi wanaoyaona yamelala asubuhi hudhani yamekufa, wakayamwaga. Yaachwe. Maji ndiyo ya kuangaliwa sasa, maana matone yakikosekana ukutani mwa dumu udongo umekauka. Jua likizidi, mkanda ukatwe na mlango ufunguliwe mchana, ufungwe jioni. Kinyausi, ule ugonjwa unaokata miche shingoni kwenye vitalu vya ndani, si tatizo kubwa huku, kwa kuwa hewa inapita na usiku ni baridi.

Spinachi na sukuma wiki zinaweza kwenda bustanini mwisho wa Aprili, mara udongo utakapokubali jembe. Hazihitaji kuzoeshwa hali ya nje, zimezaliwa humo. Udongo wote hutolewa dumuni kama kipande kimoja na kumegwa kwa mkono, kila bonge na miche yake miwili au mitatu. Nyanya zingoje katikati ya Mei ipite.

Inabaki mboga ambayo Wakongo na Watanzania wa huko huiulizia kuliko zote: mchicha, au lengalenga. Mbegu yake haidhuriki na theluji. Ushahidi uko mashambani mwa Minnesota kwenyewe, ambako ndugu yake wa porini ni gugu sugu la mahindi na soya, na mbegu zake hulala katika ardhi iliyoganda majira yote ya baridi. Lakini mche wake hauvumilii jalidi hata kidogo, na udongo wa baridi hauuoteshi. Hauna haja ya dumu. Gugu lile likianza kuchomoza lenyewe kando ya njia kuelekea mwisho wa Mei, siku hiyohiyo mchicha upandwe moja kwa moja tutani, na bamia na maharage zifuate wiki moja baadaye.